Sanduku la Zanzibar, la kale au la mwaka jana? Namna ya kulikagua kabla hujatoa hela

Wakuu, mtu akienda kununua sanduku la kale huwa anasimama mbele yake anasifia shaba na zile misumari zilizopangwa maua maua, na pale pale muuzaji ashajua huyu wangu. Mbele ndo sehemu ya mwisho ya kuangalia. Geuza nyuma, mulika chini, toa droo uipindue, fungua mfuniko uchungulie zile kona za ndani. Huko ambako mteja haangalii fundi wa feki hapotezi muda, na fundi wa zamani nae hakupoteza muda, ila uvivu wao haufanani hata kidogo. Yule wa zamani alichoka na msumeno wa mkono na tezo akaacha mbao hivyo hivyo, huyu wa leo amepitisha mashine dakika mbili akapaka rangi juu. Karibu kila kitu nitakachosema hapa chini kinatokana na hilo.

Naongelea fanicha za mwambao wetu, yani masanduku, viti vya enzi, vitanda vya samadari na vitu vya jinsi hiyo, maana ndo navijua na ndo vinavyouzwa sana kwa uongo, Mji Mkongwe, Lamu, Mombasa, hadi kwenye maduka ya Muscat na Dubai.

Kwanza uelewe unanunua nini

Sanduku tunaloliita la Zanzibar kwa sehemu kubwa halikutengenezwa Zanzibar. Mengi ya zamani yalitoka India, pande za Gujarat na pwani ya Malabar, yakaja na majahazi wakati wa kaskazi pamoja na nguo, mchele na vitu vingine, alafu watu wa huku wakayanunua ya kuwekea nguo, dhahabu, hati za shamba, mahari ya bibi harusi. Oman nako yapo mengi sana, wao wanayaita mandusi na mpaka leo bibi harusi anapewa. Baadae mafundi wa Unguja na Lamu nao wakaanza kuyatengeneza na hawajaacha mpaka leo. Kwa hiyo ukisikia dukani "hili la Surat, hili la Bombay, hili la Shirazi" usidhani ni cheti cha kuzaliwa, hayo ni majina ya kibiashara yanayoelezea mtindo, kwamba hili lina misumari mingi ya shaba, lile lina nakshi ya kuchonga, lile lina mabamba mapana ya shaba. Sanduku la mtindo wa Shirazi linaweza kuwa limegongwa mwaka jana mtaa wa pili kutoka hapo uliposimama.

Na hapa niseme mapema ili mafundi wasinikasirikie, sanduku jipya sio dhambi. Kuna vijana Mji Mkongwe wanachonga na kupiga shaba vizuri kuliko hata baadhi ya hayo ya kale, ukinunua kwa bei ya jipya umenunua kitu kizuri cha kukaa nacho maisha. Tatizo ni kulipa bei ya miaka 150 kwa kitu cha miezi mitano.

Sasa vitu utakavyokutana navyo sokoni viko hivi. Kuna jipya linalouzwa kama jipya, hilo halina shida. Kuna jipya lililozeeshwa makusudi. Kuna lile lililotengenezwa juzi kwa mbao za kale kweli, hili ndo linaua watu na nitalirudia. Alafu kuna la kale lililofanyiwa ukarabati, mfuniko wa hili umewekwa kwenye boksi la lile, miguu imebadilishwa, droo moja ni ngeni. Hilo la mwisho ndo la kawaida zaidi kuliko unavyofikiri, kwa sababu sanduku limetumika vizazi vitatu na sakafu zetu zinapigwa deki kila siku, miguu lazima ioze. Usilikatae kwa sababu ya ukarabati, ila ulipe ukijua.

Vitu vya kubeba

Nenda mchana, na omba litolewe nje kwenye mwanga. Duka lenye taa ya njano na giza kwenye kona linaficha mengi. Beba tochi (ya simu inatosha), sumaku ndogo, kitambaa cheupe cha pamba, tepu ya kupimia, na kama una ile lenzi ya mafundi saa itakusaidia sana kwenye pembe za ndovu na kwenye mikwaruzo. Muuzaji mwenye kitu cha kweli hakasiriki ukitoa sumaku. Wengine watakuangalia vibaya kidogo mwanzoni, we wasalimie vizuri, kaa, kunywa kahawa, ongea habari za mji, kisha ndo uulize "mzee naomba tuligeuze hili". Ukiingia na haraka zako utauziwa kwa haraka hiyo hiyo.

Mbao

Mulika tochi ubavuni, mwanga upite juu ya ubao kwa ulalo, usimulike moja kwa moja. Nyuma na chini ya droo utaona alama za msumeno. Msumeno wa mkono unaacha mistari iliyonyooka lakini haiko sawa, mmoja umeegea, mwingine umekatika, nafasi kati yake inabadilika badilika. Msumeno wa duara wa mashine unaacha mistari iliyopinda nusu duara na yote inafuatana kwa nafasi moja. Mashine ya randa nayo inaacha vijimawimbi vidogo vidogo vinavyolingana kabisa, hauvioni kirahisi lakini ukipitisha kucha unavisikia. Sanduku linalosemwa la karne ya 19 alafu mbao zake zote za nyuma zina mawimbi ya mashine, hapo sihitaji kuangalia kingine.

Pitisha vidole chini ya ubao wa mfuniko, ushike unene wake sehemu tatu nne. Ubao wa randa ya mkono hauna unene mmoja. Angalia pia upana, masanduku mengi mazuri ya zamani mfuniko wake ni ubao mmoja mpana kwa sababu miti mikubwa ilikuwepo, siku hizi ubao wa hivyo ni ghali mno kwa hiyo fundi anaunganisha vipande viwili vitatu, anaziba kwa puti na kupaka rangi nzito juu ya maungio.

Aina ya mti nayo inasema, ila kuwa makini. Wauzaji wanapenda kusema "hii ni msaji wa India" kama vile imeisha. Msaji upo kwetu, Wajerumani waliuleta mwishoni mwa karne ya 19 na leo kuna mashamba makubwa ya serikali Longuza kule Muheza na Mtibwa kule Morogoro, kwa hiyo msaji peke yake hauthibitishi chochote. Msaji wa shamba uliovunwa mdogo mara nyingi una pete pana za ukuaji na rangi iliyopauka ukilinganisha na ule mzee. Upande wa pili, ukiambiwa sanduku limetoka India alafu ukakuta ni mninga, basi story imevunjika yenyewe, mninga ni mti wa kwetu Afrika. Linaweza kuwa la kale bado, limetengenezwa huku huku, lakini anaekuuzia ama hajui anachouza ama anakujaribu.

Kuna hii nyingine wengi hawaijui. Mbao hunywea kwa upana wake, kwa urefu haipungui kiasi cha kuonekana. Kwa hiyo kitu kilichokerezwa kikiwa duara, mguu wa samadari au kijiti cha kiti, baada ya miaka mia kinakuwa sio duara tena. Zungushia tepu au pima kwa kalipa upande huu na upande ule, ukipata tofauti ndogo ya milimita moja mbili hiyo ni dalili nzuri. Ikiwa duara kamili kabisa, bado ina maji ya ujana.

Na nyufa. Ufa wa zamani ndani yake ni mweusi, una vumbi lililogandana na nta na mafuta ya mikono. Ufa mpya ndani unang'aa. Umulike.

Misumari na skrubu

Hapa ndo feki nyingi zinakamatwa kwa sababu fundi anatumia alichonacho dukani. Misumari ya kawaida ya waya, ile ya mviringo tunayoijua, ilienea duniani mwishoni mwa miaka ya 1800. Kabla ya hapo misumari ilikuwa na mwili wa pembe nne, ya kufuliwa au ya kukatwa kwenye bamba. Skrubu za zamani kabla ya katikati ya karne ya 19 zilikuwa butu mbele, hazina ncha, na ule mfereji wa bisibisi umekatwa kwa mkono kwa hiyo mara nyingi hauko katikati. Skrubu ya nyota, ile ya bisibisi ya nyota, ni mambo ya miaka ya 1930 kuja juu. 

Lakini usikurupuke. Skrubu moja ya nyota kwenye bawaba inaweza kuwa ukarabati wa mjomba mtu mwaka 1985. Cha kuangalia ni shimo lake. Msumari wa chuma ukikaa kwenye mbao ngumu miaka mingi unaacha doa jeusi kuzunguka, linaingia ndani ya nyuzi za mbao. Bawaba ikiwa imebadilishwa utakuta mashimo ya zamani pembeni yamezibwa, na kivuli cha bawaba ya kwanza bado kimebaki kwenye mbao. Hiyo ni habari njema. Habari mbaya ni sanduku lenye chuma kilichooza kwa kutu kilichokaa kwenye mbao safi isiyo na doa hata moja, maana yake kutu ilitengenezwa kwanza alafu ndo ikapigiliwa.

Shaba

Sumaku kwanza. Shaba haishikwi na sumaku, ikishika ujue ni bati limepakwa rangi ya dhahabu au chuma kilichochovywa. Gusa bamba, gusa vichwa vya misumari kadhaa sio kimoja, gusa vishikio vya pembeni.

Baada ya hapo watu wanakosea kwenye kung'aa. Wanasema shaba inayong'aa ni mpya, iliyofubaa na kijani ni ya kale. Sio lazima. Majumba ya pwani shaba ilikuwa inasuguliwa, kwa ndimu, kwa ukwaju, kwa majivu, Idi ikikaribia nyumba nzima inang'aa. Sanduku la kale lililotoka kwenye nyumba yenye watu linaweza kung'aa vizuri tu. Na kijani nacho kinatengenezwa, chumvi na siki siku chache tu unakipata. Kwa hiyo acha rangi, angalia ulaji. Shaba iliyosuguliwa miaka mingi michoro yake imelainika, vichwa vya misumari vimeisha upande mmoja, kingo za bamba hazikati kidole. Na ukiangalia mbao inayozunguka kila msumari utaona ukoko mweupe au wa kijani wa mabaki ya kusugulia uliojibana pale ambapo kitambaa hakifiki. Bamba la jana lina kingo kali na michoro ina ncha, hata kama wamelipaka tope.

Kama kuna kipande cha shaba kimedondoka, hapo una bahati. Mbao iliyokuwa chini yake inatakiwa iwe na rangi tofauti na inayoizunguka, yenye mpaka unaosomeka, kwa sababu haikuona mwanga wala mafuta ya mikono. Ukikuta chini ya bamba ni kahawia ile ile ya sanduku zima, ujue sanduku lilipakwa rangi kwanza alafu shaba ikaja.

Uchakavu uwe na sababu

Kila mkwaruzo jiulize, nani aliufanya na alikuwa anafanya nini? Mfuniko unafunguliwa kwa vidole katikati mbele, kwa hiyo ukingo uliolainika uwe pale, sio kona zote nne sawasawa. Vishikio vya pembeni vikidondoka vinagonga mbao, baada ya miaka unakuta pale vinapogongea pamebonyea kidogo umbo la kishikio. Kile kikufulio cha mbele kikining'inia na kuyumba kinachora upinde kwenye mbao chini yake. Droo zinasugua njia zake, ipindue uone reli za chini zimeliwa nyuma zaidi au mbele zaidi, na ndani ya boksi kuna mifereji inayolingana na ulaji huo. Miguu au ile besi ya chini iwe imekunywa maji. Ndani kwenye kile kisanduku kidogo cha pembeni, ambacho mara nyingi kina vidroo vya siri nyuma yake (omba uoneshwe, ni raha yenyewe), kuna ulaji wa vidole mahali pa kuchomolea.

Mzeeshaji feki anapiga sanduku na cheni na nyundo kila mahali. Unakuta makovu yanafanana, yametapakaa hata sehemu ambayo hakuna kitu kingeweza kuifikia. Au kinyume chake, mbele kumechakaa vibaya alafu nyuma kuzuri kama kumetoka kiwandani.

Rangi, hapa tumia kitambaa cheupe. Kiloweshe kidogo sana, omba ruhusa, sugua chini au nyuma sehemu isiyoonekana. Kikitoka cheusi cha dawa ya viatu au kahawia ya dai mbichi umeshajua. Nusa pia. Wapo wanaopaka oili chafu ya gari ili mbao iwe nyeusi, na ile harufu haifichiki ndani ya droo. Tina na vanishi mpya navyo vinanuka wiki kadhaa. Ila harufu ya udi na karafuu isikulainishe moyo, hiyo ni chetezo na dakika kumi tu.

Matundu ya wadudu ni somo zuri peke yake. Mdudu anatoboa kwa kupinda pinda, kwa hiyo waya mwembamba hauingii moja kwa moja mbali. Tundu la drili linaingia wima na waya unazama wote. Alafu angalia hii, ukiona juu ya ubao, sehemu inayoonekana, mifereji iliyolala ya wadudu, yani njia yao imepasuliwa kwa urefu, maana yake ubao ulipasuliwa baada ya mdudu kumaliza kazi. Mdudu hatembei juu ya ubao kwenye jua, anatembea ndani. Hiyo ni mbao ya kale iliyokatwa upya.

Mbao ya kale, fanicha mpya

Ndo tunafika kwenye lile linaloua. Kuna mbao nyingi za kale zinazunguka pwani, za majahazi yaliyovunjwa, maboriti, milango na fremu za nyumba zilizobomoka. Mafundi wa Lamu, Kilifi na Unguja wanatengeneza meza na mabenchi ya mbao za jahazi na wanayauza wazi kama mbao za jahazi, mi nayapenda sana na sina tatizo nao. Shida ni pale mbao hiyo hiyo inapogeuzwa sanduku au kabati la "mfalme", maana vipimo vyote vya umri wa mbao inavipita, ni mzee kweli, ina doa za misumari kweli.

Kinachoisaliti ni mashimo yasiyo na kazi. Mbao ya jahazi ina matundu ya misumari mikubwa yanayofuatana kwa mstari ambao hauhusiani na umbo la fanicha, na pembeni unaweza kukuta mabaki ya kalafati, ile pamba iliyoshindiliwa kuzuia maji, au tabaka za rangi ya bluu na nyeupe zilizojificha ndani ya maungio. Mbao ya mlango ina mashimo ya zile njumu kubwa (vichwa vya shaba vya mapambo) au nakshi inayokatika ghafla kwenye kona, ua limekatwa nusu. Hakuna fundi wa zamani aliyechonga ua ili alikate nusu. Na kwenye maungio, mahali ubao ulipokatwa upya, ule uso wa mkato ni mweupe au umepakwa rangi, wakati ubao uliobaki ni mweusi wa umri.

Kiti cha enzi

Hiki watu wanakiona Lamu wanapagawa. Ni kile kiti kirefu chenye mgongo ulionyooka, sehemu ya kukalia na migongoni kumesukwa kamba, na kuna vipande vya pembe za ndovu au mifupa vimepachikwa kwenye mbao nyeusi, mbele kina pa kuwekea miguu. Walikalia wakubwa na wageni wa heshima, wengine wanaviita viti vya mpingo. Vya kale vilivyobaki vingi viko makumbusho na kwenye familia zisizouza, kwa hiyo ukiona vinne vimepangana dukani vyote vinafanana, hiyo ni kazi ya sasa, inunue kama kazi ya sasa.

Kikague hivi. Kamba ikiwa ya nailoni ni mpya, ila kamba inabadilishwa kila baada ya muda hata kwenye kiti cha kale, isikupe hukumu peke yake. Mbao ndo hukumu. Mpingo ni mzito mno, kipande chake kinazama kwenye maji, na weusi wake umeingia mpaka kwenye moyo, mti wa nje tu ndo mweupe wa njano. Chungulia ndani ya tundu au chini ya mguu ulipokwanguka, kama ndani ni rangi ya chai ya maziwa basi umepakwa. Vile vipande vyeupe weka lenzi. Pembe ya ndovu ikikatwa kwa upande inaonesha mistari inayokatana kwenye pembe pembe, mfupa unaonesha vidoti na vistari vidogo vyeusi vya mishipa, plastiki haina kitu, nyeupe tupu na wakati mwingine ina mstari wa kiwandani. Kuna kile kipimo cha kizamani cha kuchoma kwa sindano ya moto, tafadhali usifanye hivyo kwenye kitu cha mtu.

Samadari kwa ufupi

Vile vitanda virefu vyenye nguzo nne na vioo vilivyochorwa maua kwa nyuma. Sehemu zinazobadilishwa sana ni vioo. Kioo cha kale kina mawimbi na viputo, sogeza kichwa uone taswira ya dirisha inavyocheza. Kioo cha kisasa kilichonyooka kabisa kinatokana na utaratibu ambao Pilkington ya Uingereza iliutangaza mwaka 1959, kwa hiyo kioo kilichonyooka kama maji ya beseni kwenye samadari ya "1880" kimebadilishwa au kitanda chote ni kipya. Rangi iwe nyuma ya kioo na iwe imepasuka pasuka kidogo, sio stika. Pima pia godoro linaingia vipi, vitanda vya zamani havikutengenezwa kwa saizi za magodoro ya leo, kikikupokea tano kwa sita barabara kabisa jiulize.

Na cherehani ya Singer yenye meza, kwa kuwa naulizwa kila mara, hiyo ndo rahisi kuliko zote, ina namba kwenye mwili wake, tafuta orodha ya namba za kampuni utapata mwaka. Za kabla ya 1900 ni tarakimu tupu, baada ya hapo zinaanza na herufi.

Macho yako yafundishe kwanza

Kabla ya kununua nenda ukaangalie vya kweli mpaka vikuzoee. Makumbusho ya Kasri pale Forodhani yana fanicha za masultani (ulizia kwanza kama yamefunguliwa), Makumbusho ya Lamu yana vitanda na viti, Fort Jesus Mombasa nako kuna vitu. Hautaruhusiwa kugusa, ila utapata uwiano. Feki nyingi zinakosea uwiano kabla hata ya mbao, droo kubwa mno, miguu minene, nakshi imejaa kila sehemu kama fundi aliogopa nafasi tupu. Ukitaka kujua feki inavyotengenezwa nenda Keko pale Dar ukae na mafundi wiki mbili tatu, utajifunza sila, tina, puti na msasa vinafanya nini, na hautadanganywa tena na "rangi ya asili".

Sheria, usiruke hapa

Wanaonunua kupeleka nje wasikilize. Tanzania bara kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, ambayo inagusa hata milango na fremu zilizochongwa kabla ya 1940, na kutoa vitu hivyo nje kunahitaji kibali. Zanzibar ina sheria zake na mamlaka zake, uliza kabla mzigo haujafika bandarini. Kenya kuna sheria ya makumbusho na urithi ya 2006, kitu kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895 kinahesabika kuwa cha kale na kinahitaji ruhusa kutoka. 

Pembe za ndovu ni moto zaidi. Biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku kupitia CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa uamuzi wa 1989, Uingereza wamebana hata vitu vya kale tangu 2022, Marekani nao tangu 2016. Kiti chenye pembe kinaweza kuwa halali kukaa kwenye nyumba ya familia na kikawa kesi uwanja wa ndege. Na mpingo nao, pamoja na ndugu zake wote wa jamii ya Dalbergia, uko kwenye orodha ya CITES tangu 2017. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "hamna shida nitakufungia vizuri", shida ipo, na ni yako wewe.

Bei na maneno

Usiulize "hili la mwaka gani?", atakujibu tu, mia mbili, mia tatu, ya babu yake babu. Uliza limetoka nyumba gani, nani alikuwa nalo, nini kimebadilishwa. Hilo la mwisho ndo swali langu ninalolipenda, kwa sababu mtu anayejua kitu chake atakwambia "mguu huu nimebadili mimi, na droo ya katikati sio yake", na hapo hapo namuamini kwenye mengine. Anayesema hakijaguswa tangu enzi za Seyyid Said na mi naona puti mbichi, tumemalizana kwa heshima.

Mkishakubaliana, mwambie aandike kwenye risiti, kwa maneno yake, kwamba ni sanduku la kale, la takriban karne gani, na sehemu zipi zimekarabatiwa. Akisema "ah kuandika nini bwana, tuaminiane", rudisha bei kwenye jipya na uanze kuongea upya kutokea hapo. Wengi wanakubali, na hiyo inakupa jibu.

Ukishalifikisha nyumbani

Usilipeleke kwa fundi akalipige msasa. Narudia, msasa hapana. Ule weusi wa mikono na mafuta ndo umri wenyewe, ukiuondoa umebaki na mbao nzuri tu. Vumbi toa kwa brashi laini, kisha kitambaa kikavu, na nta kidogo mara moja au mbili kwa mwaka. Shaba ukitaka ing'ae sugua kidogo sana na uzuie dawa isiingie kwenye mbao. Usiliweke mbele ya eisii wala dirisha la jua la saa nane, mbao iliyozoea unyevu wa pwani ikikaushwa ghafla Nairobi au Dodoma mfuniko unapasuka katikati. Lipe muda, wiki za kwanza weka bakuli la maji karibu nalo.

Na kabla halijaingia chumbani liweke juu ya karatasi nyeupe siku kadhaa. Asubuhi ukikuta unga mwepesi chini ya matundu, wadudu bado wako hai, litenge mbali na fanicha nyingine na umuite mtu wa kupiga dawa anayejua mbao, dawa iingizwe kwenye matundu kwa sindano, asije akalimwagia sanduku zima kama anapulizia mbu.